Jina Nililompa Frateri

Juzi nilikuwa Bariadi mjini kununua dawa ya kupe. Mwenye duka akafungua kasha la barafu mbele yangu ili ampe mteja mwingine chupa ya chanjo, na harufu ikanipiga usoni: plastiki iliyolowa, spiriti, na baridi yenyewe, maana kwa mtu aliyekulia mahali pasipo umeme hata baridi ina harufu. Kijana wa duka akawa ananiuliza, "Mama, wewe nikupe nini?" Nilikuwa nimenyoosha shingo nikichungulia ndani ya lile kasha kuona kama mna bia.

Haikuwemo. Nilinunua dawa yangu nikaondoka, lakini njia nzima hadi nyumbani nilikuwa na mtu mmoja kichwani, na sikumfikiria kwa wema. Sijawahi kumfikiria kwa wema.

Nyinyi wa rika langu mtaukumbuka wakati ule wa ruksa. Ushirika ulibaki ghala lenye popo, na pamba yetu tukawa tunawauzia watu waliokuja na malori yao na mizani yao. Mitumba ikaingia mnadani, ukawaona wamama wa Mwamapalala wamevaa makoti ya watu wa baridi kwenye jua la Simiyu. Josho la kijiji, ambamo ng'ombe walikuwa wakiogeshwa kwa dawa ya serikali, likakauka. Majani yakaota ndani yake na sisi watoto tukapata mahali pa kuchezea kombolela. Bwana mifugo alipunguzwa kazi, akafunga virago akarudi kwao. Tukaambiwa soko ni huria, kila mtu ajitafutie dawa.

Ndipo alipokuja Frateri.

Jina lake halisi lilikuwa Gervas. Alikuwa amesoma seminari akaachia njiani, na sababu za kuacha zilitegemea unamuuliza nani. Lakini kwetu mtu akishavaa kanzu hata siku moja, jina haliondoki, kwa hiyo wote tulimwita Frateri. Alifungua duka la dawa za mifugo pale senta, na siku za kazi alizunguka vijijini kwa baiskeli, kasha la bluu limefungwa nyuma kwa mpira, koti la kijivu mwilini hata jua likiwaka namna gani. Akifika kwenye boma alisalimia kwa Kisukuma kizuri, "Mwadila mayu!" yaani umeshindaje mama, kisha akachomeka maneno ya Kilatini katikati ya mazungumzo, na wazee wakatikisa vichwa kwa heshima. Mtu anayejua lugha ya misa, nani atamuuliza habari za sindano?

Kwetu alipapenda kuliko kwingine. Mama yangu alikuwa ameshafariki, na aliyenilea ni bibi, mama wa baba yangu. Maziwa ya mgando ya bibi yalikuwa na sifa hadi Zagayu. Frateri alikuwa akikaa kwenye kigoda karibu na jiko akisubiri ugali wa mtama uive, na bibi akichochea moto kwa samadi kavu, maana kuni upande wetu zilishakwisha zamani. Moshi wa samadi ni mkali. Ulikuwa umeyafanya macho ya bibi kuwa mekundu daima, na sisi wa nyumbani tulikuwa tumeshasahau kwamba macho ya mtu yanaweza kuwa na rangi nyingine.

Hapo ndipo Frateri alipoanza kunifundisha.

"Minza, sema: bubulus."

"Bubulus."

"Bubula. Bubulum."

Nikacheka, maana nilisikia bubu. Nilidhani hao watu wa Kilatini waliwatazama ng'ombe wakaona hawasemi, wakawaita bubu. Nilipomwambia hivyo alicheka hadi akakohoa.

"Hapana, binti. Maana yake ni 'ya ng'ombe'. Ni neno la sifa. Kiswahili chako kinasema ng'ombe mzuri, basi, hakijali ni dume au ni jike. Kilatini kinauliza kwanza. Ukitaja kitu cha kiume unasema bubulus. Cha kike, bubula. Nyama, kwa mfano, kwao ni ya kike, kwa hiyo nyama ya ng'ombe ni caro bubula. Halafu kuna vitu visivyo dume wala jike. Maziwa ya ng'ombe, lac bubulum. Mavi ya ng'ombe," akamtazama bibi anayechochea moto, "stercus bubulum."

"Asiye dume wala jike," nikasema. "Kama maksai?"

"Kama maksai," akasema Frateri, na macho yake yalifurahi. "Una akili wewe. Ungekuwa mvulana ningekupeleka seminari."

Niliyameza maneno yale kama mtoto anavyomeza asali. Akija, nilimkimbilia kumpokea baiskeli. Nilijua taurinus ni ya fahali, nilijua vaccinus, vaccina, vaccinum ni ya ng'ombe jike, na nikichunga ndama nilikuwa nikiwapangia maneno yao kila mmoja kulingana na alivyoumbwa. Baba alijivuna kimoyomoyo kwamba binti yake anajua lugha ya mapadre. Nilimpenda Frateri. Naliandika hilo kwa sababu ndilo lililonifanya nimchukie vizuri.

Mwaka ule ikasikika kwamba chambavu imeingia, ule ugonjwa unaoua ng'ombe wachanga, unaovimbisha paja na kumwangusha ndama aliyekuwa akirukaruka asubuhi. Baba akamwita Frateri aje kuchanja. Majirani nao walimwita, akiwemo Mayunga, manju wa ngoma, aliyekuwa na njeku wawili wazuri, madume machanga aliowalea kwa ajili ya jembe. Frateri akaja mchana wa jua kali. Akatundika koti lake kwenye nguzo ya zizi, akateremsha kasha la bluu akaliweka kivulini, akaanza kazi huku baba na Mayunga wakiwashika ng'ombe pembe.

Nilikuwa na kiu. Nilitaka kugusa barafu tu, basi. Nikafungua kasha. Ndani kulikuwa na mabonge ya barafu yaliyoanza kuyeyuka, na chupa nene za kahawia zenye vifuniko vya bati. Nikadhani ni dawa za ng'ombe wakubwa, za kunywesha. Mle ndani hamkuwa na vile vichupa vidogo vya sindano. Frateri alipohitaji kingine alikwenda kwenye koti lake, pale juani, akakitoa mfukoni.

Akaniona. "Funga hilo, Minza! Utaniharibia dawa."

Nikafunga haraka, nikaona aibu, nikaenda kusimama karibu yake ili anisamehe. Nikamwuliza chanjo kwa Kilatini inaitwaje. Akaniambia, huku akichoma, kwamba hata Wazungu wanapochanja watoto wao wanataja ng'ombe bila kujua, kwa sababu neno lao la chanjo limetoka kwenye vaccinus. Basi nikaelewa, kwa akili yangu ya wakati ule, kwamba kinachoponya ni lile neno, na sindano ni njia yake tu ya kuingilia. Na nikasikia jinsi alivyokuwa akirudia kwa kujifurahisha, kila anapochoma, "vaccinus, vaccinus," hata kwa mitamba, majike kabisa. Nikajua amekosea. Lakini mtoto hamsahihishi mkubwa.

Haukupita muda ndama wakaanza kuchechemea.

Kama hujawahi kuiona chambavu, shukuru Mungu. Paja linavimba, na ukilibonyeza linasikika chini ya ngozi kama majani makavu yanayokanyagwa. Mtamba mweupe ambaye baba alisema atakuwa wangu siku nitakapoolewa, aliinama kunywa maji hakuinuka tena. Wakafuata wengine. Zizi letu halikuwa kubwa la kutajwa mbali, lakini lilikuwa na ng'ombe wachanga wengi, na hao ndio waliokwenda. Baba alikuwa akikaa juu ya boriti ya zizi, mikono imening'inia. Kwa Mayunga njeku wote wawili walikufa. Kwa jirani wa bondeni, vivyo hivyo.

Watu wakakusanyika kwetu, na Frateri akaitwa. Alikuja na koti lake. Baba akamwambia kwa upole, maana baba alikuwa mpole, "Frateri, uliwachanja hawa. Mbona wamekufa wale wale uliowachanja?"

Frateri akaanza kujifunga vifungo vya koti. Nikamwonea huruma. Nikaona nimsaidie. Nikatoka nyuma ya bibi, nikasema mbele ya wote:

"Frateri, ulikosea neno. Ulisema vaccinus kwa mitamba. Ulipaswa kusema vaccina."

Hakuna aliyejua ninasema nini. Walichosikia ni kwamba mtoto anasema Frateri amekosea. Vichwa vyote vikamgeukia. Nikamtazama nikitegemea acheke, aseme una akili wewe, Minza. Uso wake ukabadilika kama maji yaliyotupiwa jiwe.

"Mmesikia?" akasema. Hakuniangalia mimi, aliwaangalia wazee. "Mmesikia maneno ya mtoto huyu? Si Kisukuma hayo, wala si Kiswahili. Anasimama zizini akiwasemea ng'ombe maneno yasiyojulikana, na ng'ombe wanakufa. Mimi dawa yangu ni ya dukani, ina muhuri. Mimi nauliza tu. Nani anamfundisha mtoto huyu maneno haya humu nyumbani?"

Akageuza macho taratibu hadi kwa bibi, kwenye macho yake mekundu.

"Wewe!" nikapiga kelele. "Ni wewe ulinifundisha! Bubulus, bubula..."

Kadiri nilivyoyataja ndivyo watu walivyorudi nyuma. Bibi akaniziba mdomo kwa kiganja chake chenye harufu ya moshi.

Wenzangu, sina haja ya kuwaeleza kule kwetu wakati ule mwanamke mzee mwenye macho mekundu, anayedhaniwa mchawi kwa macho hayo tu, alikuwa anaishi kwenye ukingo gani. Sungusungu, walinzi wetu wa jadi, walikaa kikao. Kamanda wao alikuwa mtu ambaye bibi alimpokea mikononi alipozaliwa. Walisema hawamhukumu, ila kwa usalama wake na wa kijiji ni vizuri ahame. Na hadi ahame, mtu yeyote asimsalimu, asimpe moto, asimchotee maji. Baba alipotaka kusema, aliambiwa achague naye kama anataka kutengwa. Padre wetu alikuwa parokiani mbali, akija kusalisha kigangoni kwetu mara chache, na hakuna aliyemngoja.

Baba akafunga maksai kwenye mkokoteni, tukampeleka bibi kwa kaka yake, kijiji cha Lingeka, upande wa Meatu. Alichukua vyungu vyake, mkeka, na gunia la michembe, viazi vitamu alivyovikausha mwenyewe. Tulipopita katikati ya kijiji, wanawake aliowazalisha walikuwa wakifagia viwanja vyao kwa bidii bila kuinua macho. Bibi alikaa wima kabisa, kama anayepelekwa harusini.

Njiani nilikuwa nikilia. Nikamwambia labda ng'ombe wasingekufa kama Frateri angetumia zile dawa nyingine, zile alizoziweka vizuri kwenye barafu.

"Dawa gani?" akauliza bibi.

"Zile za chupa kubwa za kahawia. Zenye vifuniko vya bati."

Bibi akamwambia baba asimamishe mkokoteni. Akanishika bega. "Kwenye kasha la barafu kulikuwa na chupa hizo tu? Na vichupa vya sindano vilikuwa wapi?"

"Kwenye koti lake. Juani."

Baba na bibi wakatazamana. Kisha bibi akacheka, kicheko kikavu ambacho sikuwahi kukisikia kwake.

"Masunga mwanangu, umesikia? Bia ndiyo ililazwa kwenye barafu. Dawa ya ng'ombe zako ikaanikwa kama dagaa."

Baba akashuka akataka kugeuza maksai turudi pale pale. Bibi akamkataza. "Ukisema wewe, watasema unamtetea mama yako. Nikisema mimi, watasema mchawi anatapatapa." Akanigeukia. Sura yake haikuwa na upole wowote, na nilimpenda zaidi kwa hilo. "Minza, yale maneno aliyoyakana mbele ya watu, bado unayo?"

"Ninayo yote, bibi."

"Basi mtafutie moja linalomfaa."

Nilirudi nyumbani na kazi. Nilikaa ndani ya josho lile kavu nikiyapitia maneno yangu kama mtu anayechagua jiwe la manati. Bubulus nilikataa, ni la dume, ni heshima. Bubula nilikataa pia; ng'ombe jike anazaa, anatoa maziwa, hakumkosea mtu. Taurinus ndiyo kabisa, angefurahi. Likabaki bubulum. La kitu kisicho dume wala jike. La kitu kinachotoka nyuma ya ng'ombe. Na uzuri wake ulikuwa huu: kijiji kizima hakuna aliyejua maana yake ila mimi na yeye. Alikuwa amenikana. Sasa angelazimika kunielewa.

Nikawafundisha watoto wenzangu machungani. Sikuwaambia maana, niliwaambia ni jina la Frateri la seminari. Watoto wanapenda neno linalojaza mdomo. Siku ya mnada wakapita mbele ya duka lake wakiimba, "Bubulum! Shikamoo Bubulum!"

Nilikuwa nyuma yao, nikaona. Alitoka ameshika chupa ya dawa, na alipolisikia vizuri, damu ikahama usoni mwake. Akawafukuza watoto hadi kwenye mizani ya pamba, mtu mzima na koti lake, akipiga kelele, "Nani kawafundisha? Nani?" Wanunuzi wakaacha kupima. Wakubwa ambao hawakuwa wamelijali neno lile, sasa wakalijali. Neno gani hili linalomuuma mtu hivi?

Alinikamata nikitoka kisimani, ndoo kichwani. Akanivuta sikio mpaka maji yakanimwagikia mabegani.

"Mimi nilikufundisha," akasema kwa sauti ya chini. "Mimi! Nilikula kwenu, nikakufundisha kwa wema. Hii ndiyo shukrani?"

"Mbele ya watu uliuliza nani ananifundisha."

Akaachia sikio. Akatazama huku na huku. Kisha akachuchumaa, akawa yule Frateri wa jikoni, mwenye macho ya kufurahi. "Sikiliza, Minza. Una akili. Wakikuuliza, waambie ni lac. Lac bubulum, maziwa ya ng'ombe. Ni jina zuri, si kweli? Jeupe. Nitakuletea kitabu."

Nawaambia kweli, niliutazama uso wake nikaona anaogopa, na mtoto akishamwona mkubwa anamwogopa hawezi tena kurudi kuwa mdogo. Nikamwambia, "Nenda kwa kamanda wa sungusungu. Sema dawa ilikuwa kwenye koti na bia kwenye barafu. Bibi akirudi, nitasema ni maziwa."

Ninaamini alilipima. Ninaamini kwa dakika moja angeweza kuwa mtu mwingine.

"Nikisema hivyo duka langu limekufa," akasema.

"Basi ni stercus," nikasema, nikaondoka na ndoo yangu.

Padre alipokuja kigangoni, baada ya misa wanaume walimzunguka, na Mayunga akamuuliza: padre, bubulum ni nini? Padre wetu alikuwa mzee mwenye miwani minene, mpenda vitabu. Akafurahi kuulizwa. Akasema ni neno halali kabisa, maana yake 'ya ng'ombe', na kwa umbo hilo linahusu kitu kisicho cha kiume wala cha kike.

"Padre," akasema Mayunga, "kwetu ng'ombe asiye dume wala jike anaitwa maksai."

Padre akaanza kueleza kwamba ni suala la sarufi tu, wanangu, sarufi. Hakumaliza. Kicheko kilichotoka pale kigangoni kiliwaamsha mbuzi. Sisi watoto tulicheka kwa sababu ya mavi, maana kufikia hapo nilikuwa nimeshawanong'oneza. Wakubwa walicheka kwa sababu ya jambo jingine, ambalo nililielewa nilipokua: ndoa ya Frateri ilikuwa ya miaka mingi na haikuwa na mtoto. Sikujua hilo. Watu huniambia hapo sasa niseme najuta. Ningejua, nisingebadilisha herufi hata moja.

Jioni ile ile nilikwenda kwa Mayunga. Alikuwa nje akiwamba ngozi ya ngoma kwa ajili ya mashindano ya baada ya mavuno, na ngozi yenyewe ilikuwa ya mmoja wa njeku wake. Nikamweleza habari za kasha. Alisikiliza bila kuacha kuvuta kamba. Nilipofika kwenye koti, akaacha.

"Ulifungua mwenyewe? Uliona kwa macho yako?"

"Niliona."

"Na ukimya huu wote ulikuwa wa nini?"

"Bibi alisema hatutaaminiwa. Na mwanzo nilidhani ni dawa ya kunywa."

Mayunga akaweka ile ngozi chini polepole kama anayelaza mtoto. "Ni dawa ya kunywa," akasema. "Mimi nitamnywesha."

Mbina, ile ngoma ya mashindano, ilichezwa uwanja wa mnada, mchana kweupe, pamba imeshauzwa na watu wana nguo mpya. Frateri alikuja. Mfanyabiashara hawezi kukosa mkusanyiko kama ule, na baiskeli yake aliiegesha karibu, kasha la bluu nyuma, kwa kuwa alikuwa akiuza huku akitazama. Mayunga akatoka katikati na kundi lake. Mabishano ya nyimbo yana sheria kwetu: unayeimbwa husimama ukasikia, ukikimbia umekubali. Akaimba kwa Kisukuma, na mimi nawapa kwa Kiswahili jinsi ninavyoweza:

*Bubulum kaja na barafu, wa kulala barafuni ni nani?*
*Chupa ya kahawia imejifunika, inasema mimi ndiye mgonjwa.*
*Dawa iko koti, inaota jua, njeku wangu kaiota kaburini.*
*Mama wa watu kahamishwa, maksai kabaki anauza sindano.*

Kundi likaitikia, "Bubulum! Bubulum!" na miguu ikaipiga ardhi hadi vumbi likapanda kiunoni. Frateri alisimama. Alijaribu hata kutabasamu. Ndipo baba yangu, yule mpole, alipotoka kwenye duara akaenda kwenye baiskeli. Hakuharakisha. Akafungua mpira, akainua kifuniko, akatoa chupa ya bia inayodondosha maji baridi, akaiinua juu ili wote waone. Halafu akaenda kwa Frateri, akaingiza mkono mfukoni mwa koti lile la kijivu bila kuomba ruhusa, akatoa kichupa cha chanjo. Akampelekea kamanda wa sungusungu.

"Kishike," akasema baba. "Kina moto."

Kamanda alikishika. Ngoma ikasimama. Frateri alifungua mdomo aseme kitu, na mtoto mmoja mdogo, sijui wa nani, akasema kwa sauti nyembamba, "Bubulum." Wakacheka tena, na safari hii hawakuacha. Akaondoka akiisukuma baiskeli yake katikati ya kicheko, kasha limebaki wazi.

Hawakumpiga. Nasema hivyo kwa sababu wapo wanaodhani kisasi ni lazima kiwe na damu. Walikwenda dukani kwake wakamwita jina lake. "Bubulum, una dawa ya kupe?" Akiwapa, hawanunui. Kabla ya mvua alipakia rafu zake kwenye lori la pamba akaondoka. Nilisikia alifungua tena Maswa, na jina likawa limemtangulia. Mchuuzi wa ng'ombe ndiye aliyelibeba. Mwisho nilisikia yuko mbali kusini, hauzi dawa. Sikuuliza anafanya nini.

Kamanda wa sungusungu hakuomba msamaha. Alituma kijana kusema kwamba bibi, akipenda, anaweza kurudi. Baba akafunga maksai tena, tukamfuata Lingeka. Bibi alipanda mkokoteni. Tulipokaribia nyumbani akamwambia baba asiende moja kwa moja, apitie senta. Akashuka mbele ya duka la Frateri lililofungwa, akatandika mkeka wake kwenye baraza, akafungua gunia la michembe, akaketi.

Kuanzia hapo kila siku ya mnada alikuwa pale, mgongo umeegemea mlango ule, akiuza michembe na karanga. Wageni walinunua, watu wa Zagayu walinunua, wenye malori ya pamba walimpenda. Lakini akija mtu aliyekuwepo kwenye kikao kile, au mmoja wa wale waliofagia viwanja vyao tukipita, alimwangalia vizuri usoni, kikapu kimejaa hadi juu mbele yake, akasema:

"Imekwisha."

Na wao, wanaume wazima na wanawake aliowazalisha, waliangalia kikapu, wakamwangalia yeye, wakasema haya mayu, wakaondoka. Kamanda mwenyewe alikuja mara nyingi. Alipenda sana michembe. Mpaka bibi anakufa, hakuionja.